Tansiyo: juu ya nini kipimo kimoja hakitoshi kwa kujua hali ya moyo

Mu farmasi na vituo vya afya vya Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia, jambo hili linafanyika kila siku. Mutu anaingia, ananyoosha mukono, wanamufunga brasari, na kisha dakika moja anasikia: « Mama, uko na kumi na sita kwa kumi. » Anatoka pale na woga mukubwa, mara zingine na dawa mu mufuko. Mwengine anaambiwa: « Papa, kumi na mbili kwa munane, iko muzuri. » Huyu naye anarudi nyumbani na furaha, na kuanzia siku ile anaacha vidonge vyake.

Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Si kwa sababu muganga alipima mubaya, lakini kwa sababu tansiyo haiko kitu cha kusimama fasi moja. Inapanda na kushuka muchana na usiku. Kipimo kimoja ni sawa vile foto moja: inaonesha ile dakika tu. Kwa kujua namna moyo inatumika, inaomba kufuata tansiyo siku kwa siku, na mu hali za hatari, kuifuata kila pigo la moyo.

Namba mbili, kazi moja

Moyo ni pompi. Kwa mutu mukubwa mwenye kupumzika, inapiga karibu mara 70 kwa dakika, na kila pigo linatosha karibu mililitri 70 za damu. Ukifanya hesabu, ni karibu litri 5 kwa dakika, na mapigo zaidi ya 100 000 kwa siku moja.

Kila mara moyo inajifunga kwa kusukuma damu, nguvu inapanda ndani ya mishipa. Ile njo namba ya juu. Kisha moyo inajifungua kwa kupokea damu ingine, na nguvu inashuka, lakini haifike ku sifuri, kwani mishipa inaendelea kushika damu. Ile njo namba ya chini. Mashini za kisasa zinaonesha namba ya tatu: hesabu ya mapigo ya moyo kwa dakika.

Hapa kuna jambo lenye kuchanganya watu wengi. Ku Congo, kufuatana na desturi ya Kifaransa, waganga wanasema tansiyo kwa sentimetre: 12/8, 14/9. Lakini mashini nyingi zinaandika kwa milimetre: 120/80, 140/90. Ni kipimo kile kile. Mutu mwenye kuona 128 ku mashini asifikiri kama iko karibu kufa. Ni kumi na mbili na kitu. Kwa kugeuza, unarudisha koma nyuma fasi moja: 145 inakuwa 14,5.

Tansiyo inatoka ku vitu viwili: wingi wa damu yenye moyo inatosha, na namna mishipa inafungana ao kufunguka. Fikiria pompi ya maji na tiyo zake. Kama tiyo zimekuwa nyembamba, pompi inapashwa kusukuma kwa nguvu zaidi. Vilevile na moyo: kama mishipa imekaza miaka na miaka, moyo inatumika na muzigo muzito kila pigo. Nyama yake inakuwa nene, sawa mukono wa mutu mwenye kubeba mifuko ya simenti. Lakini moyo nene haiko moyo ya nguvu. Inakuwa ngumu, haijae damu muzuri, na mwisho wake inachoka. Wakati huo mutu anaanza kukosa pumzi akipanda kilima, miguu inavimba, usiku anaomba mito mingi chini ya kichwa kwa kuweza kupumua.

Tena tansiyo ya kupanda inaumiza ubongo na mafigo. Ni moja ya sababu kubwa za AVC, ule ugonjwa wenye unamuangusha mutu kwa gafla, upande moja wa mwili unakufa ganzi na kinywa kinapinda. Watu wengine wanasema ni kulogwa. Mara mingi ni tansiyo yenye haikufuatwa.

Shirika la afya duniani, OMS, lilieleza mu mwaka 2021 kama watu karibu bilioni 1,28 wa miaka 30 mpaka 79 wako na ugonjwa wa tansiyo ya kupanda, na karibu nusu yao hawajue kama wako nayo. Sababu ni rahisi: mara mingi haiumize. Kichwa hakiume, mutu analima, anauza, anacheka, na moyo inaendelea kuchoka kimya kimya.

Mifano tatu

Chukua mufano wa mama mwenye kutoka soko la Kadutu na muzigo mugongoni. Amepanda kilima, hajakunywa maji, mukojo umemubana, na anawaza deni la shule. Anaingia mu farmasi, wanamupima palepale: 16/10. Kama angekaa kwanza dakika 5, mugongo umeegama, bila kusema, ingeweza kuwa 14/9. Na kama angejipima nyumbani siku tatu, pengine angekuta 13/8. Huyu mama, wakimupa dawa kwa kipimo kimoja, atameza vidonge vyenye hana lazima navyo, na atapata kizunguzungu mu njia.

Kuko pia wale wenye tansiyo yao inapanda kwa kuona muganga tu. Mu Kifaransa wanaiita tansiyo ya « bluzi nyeupe ». Woga wa hospitali njo unaipandisha.

Mufano wa pili ni kinyume. Papa anapimwa ku kituo cha afya, asubui, akiwa ametulia: 13/8. Wanamwambia yuko muzima. Lakini mangaribi, kisha kazi, sigara na pombe, inapanda 15/9, na usiku haishuke. Hii wanaita tansiyo ya kujificha. Ni ya hatari kwa sababu inapita mbele ya macho ya muganga na haionekane.

Mufano wa tatu njo wenye kuuwa watu wengi. Mama ameanza dawa, anapimwa kisha mwezi moja: 12/8. Anasema: « Nimepona. » Anaacha. Lakini ile 12/8 ilikuwa kazi ya dawa. Kisha siku ao juma kidogo tansiyo inarudia, na hakuna mutu anajua kwa sababu hakuna mutu anapima. Tansiyo muzuri chini ya dawa inamaanisha kama dawa inatumika, haimaanishe kama ugonjwa umeisha. Mwenye kuweza kupunguza ao kubadilisha dawa ni muganga, akiwa na vipimo vingi mbele yake.

Kufuata tansiyo nyumbani: sheria ya tatu

Kwa kufuata tansiyo nyumbani, kuko njia yenye waganga wa Kifaransa wanafundisha na yenye kushikika kirahisi mu kichwa. Inaitwa sheria ya tatu:

- vipimo 3 asubui, mbele ya kula na mbele ya kumeza dawa;
- vipimo 3 mangaribi, mbele ya kulala;
- siku 3 zenye kufuatana.

Kati ya kipimo na kipimo, ngojea dakika moja ao mbili. Yote pamoja ni vipimo 18. Andika vyote mu kaye, hata vile vyenye havikupendezi. Kisha unajumlisha namba zote za juu na kugawanya kwa 18; vilevile kwa namba za chini. Kama jumla ya juu ni 2 322, ukigawanya kwa 18 unapata 129. Kama jumla ya chini ni 1 458, unapata 81. Mutu huyu iko na 129/81.

Ku kituo cha afya, wanaanza kusema tansiyo imepanda kuanzia 140/90. Lakini nyumbani, fasi mutu anatulia, mupaka ni 135/85. Kwa hiyo mwenye 129/81 iko chini ya mupaka. Mwenye kupata 148/92 apeleke kaye yake kwa muganga, bila kuchelewa na bila kujinunulia dawa.

Namna ya kupima nayo iko na mambo yake:

- Kaa ku kiti dakika 5, mugongo umeegama, miguu miwili chini, bila kuipandishana.
- Usivute sigara, usikunywe kahawa, usifanye kazi nguvu mu nusu saa ya mbele.
- Enda kwanza ku choo. Mukojo wenye kubana unapandisha tansiyo.
- Mukono ukae juu ya meza, kiasi cha moyo. Mukono wenye kuning'inia unapandisha namba.
- Brasari ifungwe ku ngozi, si juu ya koti ao puluva.
- Brasari ndogo ku mukono munene inatoa namba za uongo za juu. Uliza ile yenye kukutosha.
- Usiseme, na wenye kuwa pembeni wasikusemeshe.
- Mara ya kwanza, pima mikono yote miwili. Kisha fuata siku zote ule mukono wenye kuonesha namba ya juu zaidi.

Mashini ya kufunga ku mukono wa juu ni ya kuaminika kupita ile ya ku kiwiko cha mukono. Nyingi zinatumika na mawe ya radio, kwa hiyo hata fasi hakuna kuriya zinafaa. Mashini moja si lazima kwa kila nyumba. Familia tatu ao ine, kikundi cha MUSO ao cha kanisa, wanaweza kuchanga na kununua moja, kila mutu na kaye yake. Mara kwa mara wapeleke mashini ile ku kituo cha afya ili walinganishe namba zake na za pale.

Jambo moja linakatazwa: kugawana dawa. Mashini ni ya wote, lakini vidonge ni vya mwenyewe. Dawa yenye inamusaidia jirani inaweza kuharibu mafigo yako ao kuuwa mutoto tumboni.

Masaa 24 bila kusimama

Vipimo vya nyumbani haviwezi kuona usiku, kwani mutu amelala. Njo maana kuko mashini yenye mugonjwa anavaa siku muzima. Brasari inabaki ku mukono, kisanduku kidogo ku mukaba, na inajipima yenyewe: mara mingi kila dakika 15 ao 20 muchana, na kila nusu saa usiku. Waganga wanaiita MAPA, ao holter ya tansiyo. Mugonjwa anaendelea na kazi zake. Brasari ikianza kukaza, anasimamisha mukono na kutulia. Anaandika saa ya kula, ya kulala, ya kumeza dawa.

Kesho yake, muganga anapata vipimo makumi mengi. Mupaka wa masaa 24 ni 130/80. Lakini jambo la maana zaidi ni usiku. Kwa mutu muzima, tansiyo inashuka akilala, kwa kawaida kati ya 10 na 20 kwa mia. Ni saa ya moyo kupumzika. Kama haishuke, moyo na mishipa havipate pumziko, na hatari ya AVC na ya moyo kuchoka inaongezeka. Pale pengine mafigo njo yenye kuwa na shida, ao mutu anakoroma na pumzi inamukatika usingizini.

Mashini hii haipatikane fasi zote. Kwa mwenye kukaa mbali na hospitali kubwa, kaye yenye vipimo 18 vya nyumbani inasaidia sana kuliko kukosa kitu.

Kila pigo la moyo

Kuko hali zenye hata dakika 15 ni mingi. Mama mwenye kupoteza damu kisha kuzaa, mutu wa ajali, mugonjwa mwenye mikroba imeingia mu damu: tansiyo inaweza kuanguka mu dakika mbili. Mu chumba cha upasuaji, brasari inajifunga yenyewe, kwa kawaida karibu kila dakika 5. Na mu hospitali zenye reanimasiyo kamili, waganga wanaingiza katiyo nyembamba ndani ya mushipa wa kiwiko cha mukono, pale watu wanagusa mapigo. Katiyo inaunganishwa na mashini, na ku ekra kunaonekana mustari wenye kupanda na kushuka na kila pigo la moyo.

Muganga mwenye ujuzi anasoma mustari ule kama barua. Vile unapanda kwa haraka inaonesha nguvu ya moyo. Upana wake chini ya kilele unatoa wazo la wingi wa damu yenye kutoka. Kama kwa mugonjwa mwenye kupumua na mashini ule mustari unakuwa mukubwa na mudogo kila pumzi, pengine damu imepunguka mwilini na anaomba maji ao damu.

Wazo hili si la leo. Mu 1733, pasta Mwingereza Stephen Hales alitangaza namna aliingiza tiyo mu mushipa wa farasi, na damu ikapanda ndani ya kioo zaidi ya metre 2. Brasari ilikuja mu 1896 na muganga wa Italia Scipione Riva-Rocci. Mu 1899, Mjerumani Otto Frank alionesha kwa hesabu namna umbo la pigo ndani ya mushipa linaweza kuonesha kazi ya moyo. Mu 1905, Murusi Nikolai Korotkoff alifundisha kusikiliza mushipa na stetoskopi chini ya brasari, namna wafanyakazi wa afya wanafanya mpaka leo.

Ku reanimasiyo, waganga wanaangalia zaidi tansiyo ya katikati. Inahesabiwa hivi: namba ya chini, pamoja na sehemu moja ku tatu ya tofauti kati ya juu na chini. Kwa 120/80, tofauti ni 40, sehemu ya tatu ni 13, basi ya katikati ni 93. Kwa mugonjwa mwenye mikroba mu damu, wanajikaza isishuke chini ya 65, kwani chini ya pale mafigo na ubongo vinaanza kukosa damu.

Mambo yenye tansiyo haiseme

Tansiyo peke yake haitoshi kwa kusema moyo ni muzima. Mutu mwenye moyo dhaifu sana anaweza kuwa na 11/7, kwa sababu mishipa yake imejifunga kwa kusaidia. Wamama wengine moyo inachoka mu mwezi wa mwisho wa mimba ao mu miezi ya kwanza kisha kuzaa, bila tansiyo kupanda. Mwenye kukosa pumzi na kuvimba miguu asifurahie namba muzuri tu. Anaomba elektro na ekografi ya moyo.

Tena, kama mashini inaonesha mara kwa mara alama ya mapigo yasiyo sawa, rudia vipimo na uende kwa muganga. Moyo yenye kupiga ovyo inaweza kuleta AVC, hata kama tansiyo iko chini.

Na kuko programu za telefone zenye kusema zinapima tansiyo kwa kuweka kidole juu ya kamera. Kuko pia saa za mukono zenye kuahidi vilevile. Mashirika ya Ulaya ya waganga wa moyo na wa tansiyo hayajakubali vyombo visivyo na brasari kwa kutafuta ugonjwa huu ao kupanga dawa. Franga za saa ile heri zinunue mashini ya brasari.

Wakati hakuna kungojea siku tatu

Sheria ya tatu ni ya mutu mwenye kutulia. Ukipata 180/120 ao zaidi, kaa, pumua dakika chache, pima tena. Kama inabaki pale, lazima kumuona muganga siku ile ile. Lakini kama kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kinywa kupinda, mukono ao muguu kulegea, maneno kupotea ao macho kutoona muzuri, enda hospitali palepale, hata usiku.

Kwa mama wa mimba, mupaka ni 140/90. Akiwa nayo pamoja na kichwa kuuma sana, nyota machoni, uchungu juu ya tumbo ao kuvimba uso, asingoje siku ya konsultasiyo. Inaweza kugeuka kifafa cha mimba, na kinauwa mama na mutoto.

Upande mwengine, namba ya juu kushuka chini ya 90 na mikono baridi, jasho ao akili kuchanganyikiwa ni hatari pia, zaidi kwa mutu mwenye kupoteza damu ao kuhara.

Kwa siku zingine, kazi ni ndogo: kiti, meza, kaye na kalamu. Kupunguza chumvi nako kunasaidia. OMS inaomba isipite gramu 5 kwa siku, ni kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile yenye kuwa mu makayabo na mu kibe ya mboga. Na siku ya kwenda kwa muganga, usimuambie tu « tansiyo yangu inapandaka ». Fungua kaye, umuoneshe.